Katherine Esau na Kazi ya Kuichunguza Floemu

Mtu yeyote anayeanza kusoma anatomia ya mimea hukutana mapema na jina la Katherine Esau, na mara nyingi hukutana nalo kwenye jalada la kitabu kinene kabla hajajua kwamba mwenye jina hilo alikuwa mwanamke aliyezaliwa mwaka 1898 katika mji wa Yekaterinoslav, ambao leo unaitwa Dnipro nchini Ukraine, na aliyefariki dunia mwaka 1997 huko Santa Barbara, California, akiwa na umri wa miaka 99. Mimi nami nilimfahamu kwa njia hiyo hiyo: kwanza michoro, kisha maelezo yaliyo chini ya michoro, na baada ya muda mrefu ndipo nilipoanza kujiuliza ni nani huyu aliyekaa mbele ya hadubini kwa subira ya kiasi kile.

Wanaosimulia maisha yake hupenda kushika mambo mawili, yaani kwamba alikuwa mkimbizi na kwamba alikuwa mwanamke katika fani iliyotawaliwa na wanaume. Yote mawili ni kweli na nitayagusa. Hata hivyo, naona kwamba simulizi ya namna hiyo humpunja, kwa sababu humgeuza kuwa kielelezo cha uvumilivu na kuacha kando kile alichokuwa akikifanya kila siku maabarani. Kwangu mimi, jambo kubwa katika kazi ya Esau ni kanuni moja aliyoifuata tangu makala zake za mwanzo hadi uzee wake: huwezi kueleza tishu iliyougua kabla hujaifuatilia tishu yenye afya tangu seli zake za kwanza zinapoanza kutofautiana na jirani zake. Kanuni hiyo husikika kuwa nyepesi mpaka mtu ajaribu kuitekeleza, na hasa ajaribu kuitekeleza kwenye floemu.

Mmea wenye mishipa una njia kuu mbili za usafirishaji. Zailemu hupandisha maji na madini kutoka mizizini, na seli zake zinazofanya kazi hiyo huwa zimekwisha kufa. Kinachobaki ni kuta ngumu zenye uwazi katikati, na kuta hizo huhifadhika vizuri hata kwenye ubao uliokauka kwa karne nyingi. Floemu husafirisha sukari iliyotengenezwa na majani kwenda kwenye mizizi, matunda, mbegu na machipukizi. Seli zake za kusafirishia ni hai, lakini uhai wake si wa kawaida: zinapokomaa hupoteza kiini, sehemu kubwa ya vitu vilivyokuwa ndani yake huvunjwavunjwa, na kuta zinazogusana kati ya seli moja na nyingine hutobolewa vitundu vingi mfano wa chekecheo. Ndiyo maana huitwa seli chekecheo, na zikiungana kwa mfululizo hufanya mirija chekecheo. Kando yake hukaa seli wenza, ambazo ni ndogo na zina viini kamili, na hizo ndizo zinazoitunza seli chekecheo ambayo haiwezi tena kujitegemea.

Ugumu wa kuichunguza tishu hii unatokana na hali yake yenyewe. Utomvu uliomo ndani ya mirija hii uko chini ya mgandamizo mkubwa, kwa hiyo wembe unapokata shina, mgandamizo hushuka ghafla, vilivyomo ndani ya mirija hukimbilia upande wa jeraha, na vitundu vya chekecheo huzibwa na protini pamoja na kabohidrati iitwayo kalosi. Mtafiti anayeamini kwamba anaitazama floemu jinsi ilivyo, kwa hakika anatazama floemu iliyokwisha kujeruhiwa. Zaidi ya hayo, tishu hii haidumu. Seli chekecheo za kwanza katika kiungo kinachorefuka huvutwa na kusagwa na seli zinazokua kuzizunguka, na katika miti mingi mirija ya mwaka mmoja hufanya kazi kwa msimu mmoja tu kabla ya kubanwa na ile inayofuata. Sishangai kwamba wanabotania wengi waliotaka kuchunguza mishipa ya mimea walikimbilia zailemu.

Esau hakuanza na nia ya kuwa mwanaanatomia, na hata botania yenyewe hakuichagua. Alizaliwa katika familia ya Wamenoni, dhehebu la Kikristo, wenye asili ya Kijerumani, na baba yake aliwahi kuwa meya wa Yekaterinoslav. Mwaka 1916 alijiunga na chuo cha kilimo cha wanawake huko Moscow. Alichagua kilimo kwa sababu botania, kwa jinsi alivyoifahamu wakati ule, ilionekana kuwa kazi ya kuipa mimea majina. Alisoma mwaka mmoja tu, mapinduzi ya 1917 yakakatiza masomo, na baada ya vita kumalizika mwaka 1918 familia yake ikakimbilia Ujerumani. Huko aliendelea na masomo katika chuo cha kilimo cha Berlin, akapitia pia Hohenheim karibu na Stuttgart, na miongoni mwa walimu wake alikuwamo Erwin Baur, mtaalamu wa jenetiki na uzalishaji wa mbegu. Mwaka 1922 alipomaliza, familia ilihamia Marekani na kufikia Reedley, mji wa California uliokuwa na jumuiya ya Wamenoni.

Msomi huyu kutoka Berlin alianza maisha ya Marekani kwa kufanya kazi za nyumbani katika nyumba ya watu huko Fresno. Baadaye alipata kazi katika kampuni ya mbegu huko Oxnard, kisha akaajiriwa na kampuni ya sukari ya Spreckels katika bonde la Salinas. Hapo alikabidhiwa jukumu la kutafuta aina ya kiazisukari, yaani ule mmea wenye mzizi mnene ambao sukari hutengenezwa kutokana nao, inayoweza kustahimili ugonjwa wa kujikunja kwa majani. Ugonjwa huo husababishwa na kirusi kinachosambazwa na mdudu mdogo mwenye kurukaruka, anayefyonza utomvu wa majani. Majani ya mmea ulioambukizwa hujikunja kuelekea ndani, mishipa yake huvimba, mmea hudumaa, na mzizi hutoa sukari kidogo. Katika miaka ya 1920 ugonjwa huu ulikuwa tishio la kweli kwa wakulima wa viazisukari wa magharibi mwa Marekani, na kampuni iliyomwajiri Esau ilitaka mbegu, haikutaka nadharia.

Nafasi ya kusoma zaidi ilikuja pale W. W. Robbins, aliyekuwa mkuu wa idara ya botania katika kampasi ya Davis ya Chuo Kikuu cha California, alipotembelea mashamba ya Spreckels. Esau alimwuliza juu ya uwezekano wa kuendelea na masomo, na kufikia mwaka 1928 alikuwa amekwisha kuhamia Davis, ingawa kwa shahada ya uzamivu ilimbidi ajisajili kupitia Berkeley, kwa kuwa Davis haikuwa ikitoa shahada hiyo wakati huo. Alikwenda na mpango wa kuendelea na kazi ile ile ya kuzalisha mbegu zenye ukinzani. Mpango huo ulikwama kwa sababu ya kawaida kabisa: ili kupima ukinzani ilimpasa aachilie shambani wadudu wenye kirusi, na viazisukari vya watafiti wengine vilikuwa karibu. Hakuna jirani ambaye angekubali. Basi akabadilisha swali. Badala ya kuuliza ni mmea upi utakaopona, akauliza kirusi kinaufanya nini mmea kwa ndani.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu wasifu wa wanasayansi mara nyingi huandikwa kana kwamba kila hatua ilikuwa wito. Esau aliifikia floemu kwa sababu shamba la majaribio lilikuwa mahali pasipofaa. Ustadi wake ulikuwa katika kutambua kwamba swali alilobaki nalo lilikuwa kubwa kuliko lile alilolipoteza.

Ilikwisha kujulikana kwamba mmea wenye ugonjwa huu huharibika floemu. Kilichokuwa kimevurugika ni maelezo ya uharibifu huo: unaanzia seli zipi, na kwa nini hizo? Esau aligundua kwamba maswali hayo hayajibiki kwa sababu hata floemu ya mmea wenye afya haikuwa imeelezwa vizuri. Seli chekecheo za kwanza kabisa katika mzizi au jani changa ni nyembamba, hazina alama za wazi, na hupotea upesi. Wachunguzi waliomtangulia walikuwa wakizipita au kuzidhania kuwa kitu kingine. Kwa hiyo alirudi nyuma. Alichukua ncha za mizizi na majani machanga yasiyo na ugonjwa, akafuatilia hatua kwa hatua mahali na wakati ambapo seli chekecheo ya kwanza inakomaa, na akaonyesha kwamba hukomaa karibu sana na ncha, kabla ya seli yoyote ya zailemu kukomaa. Ndipo akaurudia mmea mgonjwa. Akakuta kwamba dalili za kwanza hujitokeza katika seli zinazopakana na mirija chekecheo hiyo ya awali, na hazijitokezi kabla mirija hiyo haijakomaa. Seli hizo jirani hugawanyika kupita kiasi, nyingi hugeuka kuwa seli chekecheo zisizo na umbo sahihi wala seli wenza za kutosha, na hatimaye hufa.

Maana ya ugunduzi huo ni kubwa kuliko ugonjwa wa mmea mmoja. Kama madhara huanzia penye mrija wa kwanza uliofunguka, basi kirusi hufika kwenye sehemu changa pamoja na mkondo wa chakula, na mrija chekecheo ndio mlango wake. Hakuna aliyekuwa amekiona kirusi hicho. Ni kidogo mno kwa hadubini ya mwanga. Esau alikisia njia yake kwa kusoma mpangilio wa seli zilizoumia. Baadaye, katika utafiti wa mwaka 1941 juu ya tumbaku, alilinganisha ugonjwa huu na ule wa mozaiki, akaonyesha kwamba virusi havifanani kwa uhusiano wake na tishu: kirusi cha mozaiki huenea katika seli za kawaida za jani na kulitia mabaka, ilhali kirusi cha majani kujikunja hubaki kimefungamana na floemu.

Mtu aliyewahi kufanya kazi ya mikrotomu, yaani mashine ya kukata tishu vipande vyembamba sana, anajua matokeo kama hayo yanagharimu nini. Kipande cha mmea huuawa kwanza katika kemikali inayokihifadhi, hunyweshwa alkoholi yenye nguvu inayoongezeka taratibu mpaka maji yote yatoke, huingizwa nta ya parafini, kisha hukatwa vipande vyembamba vya takriban mikromita 10, vinavyotoka vikiwa vimeshikana kama utepe. Kila kipande hupangwa kwenye kioo kwa mfuatano wake, hutiwa rangi, na hapo ndipo kazi ya kutazama inapoanza, kipande kwa kipande, ili seli moja ifuatiliwe kutoka kioo hadi kioo. Mfuatano ukivurugika, seli imepotea. Pamoja na anatomia, Esau alifundisha pia mbinu hizi, na sidhani kwamba inawezekana kuutenganisha umakini wa hoja zake na umakini wa mikono yake. Michoro mingi iliyomo katika maandishi yake aliichora mwenyewe, na mtu anayechora seli hulazimika kuamua kila ukuta unaanzia wapi na kuishia wapi.

Alimaliza masomo ya uzamivu mwishoni mwa mwaka 1931 na kubaki Davis katika cheo cha chini cha ualimu na utafiti. Kuanzia hapo alikaa miaka sita katika kila ngazi kabla ya kupandishwa kwenda inayofuata, na uprofesa kamili aliupata mwaka 1949, akiwa na miaka 51. Alipoulizwa, alieleza kwamba hakuwahi kuhisi kazi yake imeathiriwa na uanamke wake. Sina sababu ya kumbishia mtu juu ya hisia zake, na huenda heshima aliyopewa na wenzake wa karibu ilimtosha. Hata hivyo, miaka hiyo naihesabu upya kila ninapoisoma. Kabla ya kuwa profesa alikuwa amekwisha kuandika muhtasari wa mwaka 1939 juu ya ukuaji na muundo wa floemu, ambao ulikuwa rejeo la fani nzima, na alikuwa amepata ufadhili wa Guggenheim mwaka 1940. Miaka miwili tu baada ya uprofesa huo alikuwa rais wa Chama cha Botania cha Marekani. Cheo kilikuja kikiwa kimechelewa.

Pamoja na hayo, ukimlinganisha na Agnes Arber wa Uingereza, aliyekuwa mwanaanatomia na mwanamofolojia mashuhuri wa mimea wa kizazi kilichotangulia, utaona kwamba Esau alikuwa na kitu ambacho wanawake wengi wa fani hii walikikosa, yaani maabara ya taasisi na mshahara. Maabara ya Balfour iliyotumiwa na wanawake huko Cambridge ilipofungwa mwaka 1927, Arber alihamishia kazi yake katika chumba cha nyumbani kwake, na kutoka humo aliendelea kuandika hadi alipochaguliwa mwaka 1946 kuwa mwanabotania wa kwanza mwanamke katika Royal Society, chama mashuhuri cha wanasayansi cha Uingereza. Chumba cha nyumbani kinamtosha mtu mwenye hadubini ya mwanga na akili kama ya Arber. Kwa yale ambayo Esau angekuja kuyafanya baada ya kutimiza miaka 65, kisingetosha.

Miaka ya 1940 ilikuwa ya kazi nyingi na tofauti tofauti. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani ilipokatiwa mpira uliokuwa ukitoka Asia ya kusini mashariki, wataalamu waligeukia guayule, kichaka cha jangwani chenye utomvu wa mpira, na Esau alichunguza uzazi wake kwa ndani. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1946 ni kazi ya kina, ingawa huonekana kama pembezoni mwa safari yake. Alichunguza pia karoti, selari na peasi. Kazi ya kipindi hicho ninayoipenda zaidi ni ile ya mwaka 1948 juu ya mzabibu. Mzabibu hauitupi floemu yake kila mwaka. Majira ya baridi yanapokaribia, vitundu vya chekecheo huzibwa na tabaka nene za kalosi, mirija hulala, na majira ya kuchipua yanaporudi kalosi huyeyuka na mirija ile ile huanza kazi tena. Esau aliyaeleza mabadiliko hayo ya msimu kwa utulivu mkubwa, akionyesha mahali uamshaji unapoanzia na jinsi unavyoenea, na tangu hapo haikuwezekana tena kuitazama kalosi kama kovu la jeraha peke yake.

Mwaka huo huo alitoa pia utafiti juu ya ugonjwa mwingine wa mzabibu, ugonjwa wa Pierce, ambao wakati huo uliaminiwa kuwa wa kirusi. Ndani ya zailemu ya mimea iliyougua aliona mishipa ya maji imezibwa kwa gundi na kwa vivimbe vya seli za jirani vilivyopenya ndani ya mishipa. Katika miaka ya 1970 ilithibitika kwamba chanzo chake si kirusi bali ni bakteria anayeishi ndani ya zailemu. Jina la adui lilibadilika, lakini maelezo ya Esau hayakuhitaji kufutwa, kwa sababu alikuwa ameandika kilichoonekana katika tishu na hakukipinda kifuate dhana ya wakati wake. Bakteria wa zailemu angeacha alama katika zailemu, na alama hizo ndizo alizozichora.

Kitabu chake kikuu, Plant Anatomy, kilitoka mwaka 1953 kikiwa na zaidi ya kurasa 700. Vitabu vya anatomia kabla yake vilielekea kuwa maelezo ya vitu vilivyokwisha kukamilika: hapa kuna shina, hizi ndizo tishu zake. Esau alikijenga cha kwake juu ya ukuaji. Msomaji huanza na seli na tishu kadiri zinavyotokea, hupita katika kambiumu, yaani tabaka la seli zinazogawanyika na kunenepesha shina, na mishipa, na anapofika kwenye jani, shina, mzizi, ua na tunda huwa amekwisha kujua kila tishu ilikotoka. Alikuwa mkali pia kwa fasili zisizo na msingi. Pale wataalamu walipokuwa wakibishana, alieleza mabishano yenyewe na kutaja ushahidi wa kila upande. Mwaka 1960 alitoa kitabu kifupi zaidi kwa ajili ya wanafunzi, na mwaka 1965 toleo la pili la kile kikubwa. Mwanafunzi asiye na mwalimu mzuri wa anatomia alikuwa na mwalimu ndani ya kitabu hicho, jambo ambalo siwezi kulisema juu ya vitabu vingi vya kiada. Wanafunzi wake wenyewe wa uzamivu hawakuwa wengi, ni 15 tu katika kipindi chote, lakini mmoja wao, Ray Evert, ndiye aliyekuja kukiandika upya kitabu hicho na kutoa toleo la tatu mwaka 2006.

Mwaka 1957 alichaguliwa kuingia Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani, akiwa mwanamke wa sita kupata nafasi hiyo. Wengi wangehesabu hapo kuwa ndipo kilele. Yeye alikuwa bado hajaanza sehemu ya kazi iliyomfikisha ndani ya mrija wenyewe. Kwa miaka kadhaa alikuwa akishirikiana na Vernon Cheadle kulinganisha floemu za mimea mbalimbali, na Cheadle alipoteuliwa mwaka 1962 kuongoza kampasi ya Santa Barbara, Esau alimfuata mwaka 1963 ili ushirikiano usikatike. Alistaafu rasmi mwaka 1965, kisha akaendelea na utafiti kwa zaidi ya miaka 20.

Kilichokuwa kinamsubiri Santa Barbara ni hadubini ya elektroni. Kwa mtu aliyeijua mikrotomu ya nta kwa miaka zaidi ya 30, chombo hiki kilimaanisha kuanza kujifunza upya. Nta haifai; mmea huingizwa plastiki inayoganda na kuwa ngumu. Wembe wa chuma haufai. Hutumika kisu cha kioo au cha almasi. Kipande kinachofaa ni chembamba kuliko sehemu ya kumi ya mikromita moja, na eneo linaloonekana kwa mara moja ni dogo kiasi kwamba mtafiti asiyejua anatomia ya kawaida hupotea asijue yuko katika seli gani. Naamini kwamba hapo ndipo miaka yake ya Davis ilipomfaa zaidi. Wengi waliokuwa na hadubini hiyo walijua kuiendesha. Yeye alijua pia seli chekecheo changa inafananaje siku chache kabla ya kupoteza kiini chake.

Akiwa na James Cronshaw, alichunguza dutu iliyokuwa ikiitwa ute, ile inayojikusanya penye chekecheo baada ya mrija kukatwa. Mwaka 1967 walionyesha kwamba dutu hiyo ni protini yenye muundo wa vijirija na nyuzinyuzi, inayotengenezwa na seli chekecheo yenyewe inapokua, na wakapendekeza iitwe protini P. Mwaka huo huo, pamoja na Cronshaw na Lynn Hoefert, alitoa utafiti juu ya kirusi cha unjano wa viazisukari. Chembe za kirusi hiki ni ndefu na nyembamba kama nyuzi, kwa hiyo zilitambulika kwa urahisi kwenye picha, na picha zilizionyesha zikiwa ndani ya mirija chekecheo, ndani ya vitundu vya chekecheo, na ndani ya vijia vidogo vinavyounganisha seli na seli. Karibu miaka 35 kabla, kwenye mmea ule ule wa kiazisukari, alikuwa amekisia kwamba mrija chekecheo ni njia ya virusi kwa kuangalia tu seli zipi zinaumia kwanza. Sasa kirusi kilikuwa kimepigwa picha kikiwa njiani. Kilikuwa kirusi kingine, si kile cha majani kujikunja, na makala yao haikudai zaidi ya hapo.

Kitabu chake juu ya floemu peke yake kilitoka mwaka 1969, na mwaka 1989 alipewa Nishani ya Taifa ya Sayansi ya Marekani, akiwa na miaka 91. Swali moja kubwa alilifanyia kazi kwa miaka mingi bila kuliona likifungwa. Mjerumani Ernst Münch alikuwa amependekeza mwaka 1930 kwamba utomvu husukumwa ndani ya floemu kwa tofauti ya mgandamizo kati ya jani linalotengeneza sukari na sehemu inayoitumia. Nadharia hiyo inahitaji vitundu vya chekecheo viwe wazi, na hadubini ya elektroni, kwa kuwa hutazama tishu iliyouawa, ilikuwa ikitoa picha zinazopingana: katika maandalizi mengine vitundu viko wazi, katika mengine vimejaa protini P. Mwaka 1998, mwaka mmoja baada ya kifo cha Esau, Michael Knoblauch na Aart van Bel walichapisha matokeo ya kuitazama floemu iliyo hai ndani ya jani la Vicia faba, aina ya maharage, ambalo halijakatwa kutoka kwenye mmea, kwa kufungua dirisha dogo juu ya mshipa na kutumia hadubini ya leza. Waliona mirija ikisafirisha, na waliona kwamba mrija ukijeruhiwa protini hung'oka pembeni na kuziba chekecheo. Katika kueleza walichokiona, waliiita protini hiyo kwa jina ambalo Esau na Cronshaw walikuwa wameipa.